Tulipanda miche 120 ya asili mtaani, imebaki 9. Kabla sijaita watu tena, ni nini kimeiua?

#1 Mwanakorongo
Wakuu, salaam.

Naishi Kinyerezi, Dar, nyumba ya tatu kutoka kwenye korongo. Mwaka 2024 wakazi kama ishirini hivi tulianzisha kikundi cha kujitolea. Hakuna mfadhili, hakuna fulana, kila mtu na jembe lake. Wazo lilikuwa kurudisha miti ya asili pembeni ya korongo na kwenye kiwanja cha wazi karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, maana kila masika korongo linasogea. Limeshakula choo cha jirani yangu na nusu ya njia ya bajaji.

Tulipanda tarehe 1 Aprili 2024, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Iliangukia Jumatatu ya Pasaka, watu walikuwepo majumbani. Miche 120: mininga 40, mikongo 30, mikwaju 30, mitomondo 20. Jumapili iliyopita nimezunguka nimehesabu. Iliyo hai ni tisa: mikwaju saba, mitomondo miwili. Kikundi nacho kimebaki watu wanne, na mmoja wao ni mke wangu.

Masika ndiyo hiyo inakuja. Nataka kuanza upya, lakini siwezi kusimama mbele ya watu kuwaambia tupande tena wakati sijui ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Wenye uzoefu nisaidieni.

#2 Ngoja_Waje
Siti ya mbele. Wajuzi wanakuja.

#3 Chura wa Jangwani
Mkuu, 1 Aprili ni sikukuu ya wajinga pia. Mimi nimemaliza.

#4 Bwana Miche
Nauza miche barabarani mwaka wa kumi na moja huu. Kabla hamjamtafuta mchawi, swali dogo: mlichana viriba? Wateja wananiita "njoo uone miche yako imekufa", nikifukua nakuta mzizi umejizungusha ndani ya nailoni kama tambi. Watu wanajua mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, basi wanadhani hicho kiriba ni kitu cha kuoza chenyewe. Vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya lile katazo. Ile ni plastiki ileile.

#5 Mwanakorongo
Bwana Miche, sisi watu wazima upande wa korongo tulichana. Upande wa kiwanja walipanda wanafunzi wa shule moja ya jirani, wakapanda mbiombio wawahi soda. Hao siwezi kuwaapia.

#6 Dogo wa Segerea
Kumbe soda ilikuwepo. Si ulisema hakuna mfadhili?

#7 Mwanakorongo
Kreti mbili, nilinunua mimi. Na chupa mbili hazijarudi mpaka leo.

#8 Mama Vikoba
Viriba haviwezi kuua miche 111, baba. Jibu hili tu: mwezi wa saba nani alikuwa anamwagilia?

Kumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Mvua za El Niño toka vuli, masika yakaunganisha, mwanzoni mwa Mei kikapita Kimbunga Hidaya. Maji kila mahali, nani akumbuke ndoo. Mche uliodekezwa na matope hauna haja ya kushusha mzizi. Juni jua lilipowaka ule mzizi uko pale pale juu, na mchanga wa Kinyerezi nao haushiki maji hata siku tatu.

Sisi Tabata tuna kikoba cha wanawake 26. Katiba yetu inasema kila mwenye hisa akija mkutano wa Jumapili aje na dumu la lita 10, alimwage kwenye mti wake kabla hajakaa. Asiyekuja nalo anatozwa 500, inaingia mfuko wa jamii. Miti 26, imekufa mitatu tu. Na hatujawahi kujiita kikundi cha mazingira hata siku moja.

#9 Mchambuzi Huru
Mama Vikoba kagusa penyewe bila kujua. Mleta uzi anauliza kilichoua miche, mimi nauliza kilichoua kikundi, maana kikundi ndicho kilichokufa kwanza. Angalia Dar hii vikundi gani havifi: kikoba, na kufa na kuzikana. Mtu haachi kwenda kwa sababu akiacha, siku ya msiba wake atabeba jeneza peke yake. Kikundi cha miti ukikiacha unapoteza nini? Kivuli cha mwaka 2045.

#10 Dogo wa Segerea
"Kivuli cha mwaka 2045" nimeicheka mpaka konda kanigeukia.

#11 Mgaagaa na Upwa
Kwanza mlimwagilia kwa maji gani? Huku Kigamboni tulipanda kando ya msikiti, tukamwagilia kwa kisima kila jioni, hakuna aliyetega hata siku moja, na miche ikakauka huku ardhi imelowa. Majani yakaanza kuungua kwenye ncha. Mzee mmoja akatuambia tuonje hayo maji. Chumvi tupu. Tulikuwa tunaisulubu wenyewe kwa bidii. Mnapoanza tena, kila mjumbe aonje maji kwanza.

#12 Mwanakorongo
Tulitumia kisima cha jirani mwenye tangi. Maji yake ni magumu kidogo, sabuni haitoki povu vizuri. Sikuwahi kufikiria hilo. Lakini hao mikwaju saba walikunywa maji hayohayo.

#13 Binti Pugu
"Hao mikwaju saba" 😂 kama wanao vile.

Mkwaju unavumilia ukame, na chumvi kiasi, kwa hiyo kupona kwake hakumtoi hatiani yule wa kisima. Ila nina swali. Mmeita miti ya asili. Mkwaju ni wa India, hata jina lake la kitaalamu ni *Tamarindus indica*. Kama ni asili tuwe wakweli basi.

#14 Mstaafu wa Misitu
Binti Pugu, jina limekudanganya, na si wewe wa kwanza. Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya India, kwa sababu waliujulia huko, na wataalamu wa Ulaya wakarithi kosa hilo. Mkwaju ni wa Afrika. Ulipelekwa India zamani mno.

Mnaoona ni wa kwetu na si wa kwetu ni hawa: mwarobaini, mwembe, mzambarau tunaoula, mwashoki, vyote bara Hindi. Mjohoro, Asia huko kusini mashariki. Mkorosho umetoka Brazil na Wareno. Mimi siukatai mwembe, ninao watatu uani. Lakini mtu asipande miashoki safu mbili akasema amerudisha msitu wa Pugu.

#15 Binti Pugu
Shikamoo mzee. Nimesahihishwa, nimekubali.

#16 Kadogoo
Na mnazi je? Pwani bila mnazi ni pwani?

#17 Mstaafu wa Misitu
Marahaba binti. Kadogoo, mnazi ulifika na bahari na watu wake, haukuanzia hapa. Una karne nyingi, mwachie uraia.

Tena hata neno "asili" lina mtego. Kuna mti unaitwa mhesi, wa Bukoba, wa Tanzania kabisa. Ulipelekwa Amani, Usambara Mashariki, ukaota kwa fujo ukaanza kuvamia msitu wa pale. Kwa hiyo swali ni asili ya wapi. Kwa Kinyerezi mtazame misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, na makorongo yenu yanamwaga humohumo. Mkongo na mvule wamo. Kando ya maji kabisa mtomondo na mkuyu. Kwa hiyo mleta uzi, kwa aina ya miti hukukosea sana. Ila hiyo mininga nina neno nayo, nikitoka swala.

#18 Chura wa Jangwani
Mji mzima umeitwa kwa miti halafu miti yenyewe haipo. Mkwajuni, Mbuyuni, Mivinjeni, Mwembechai. Nani hapa ameona mkoche Mikocheni?

#19 Ngoja_Waje
Mkoche ndio nini?

#20 Chura wa Jangwani
Umeona sasa.

#21 Mgaagaa na Upwa
Jamii ya mnazi, ila shina linagawanyika matawi juu. Majani yake bibi zetu walisukia mikeka. Bagamoyo ipo bado.

#22 Kadogoo
Mnahangaika na sayansi, mimi nawaambia habari za mtaa. Kwetu kulikuwa na mkwaju unaanza kunenepa, asubuhi moja ukakutwa umemwagiwa oili chafu shinani. Mama mmoja alikuwa anasema wazi mkwaju na mbuyu ni makazi ya majini, usipandwe karibu na nyumba zenye watoto. Hakuna aliyemuuliza wakati wa kupanda. Mwanakorongo, uliwauliza watu wanaotazamana na hicho kiwanja?

#23 Mwanakorongo
Mwenyekiti wa mtaa alitupa ruhusa kwa maandishi.

#24 Kadogoo
Sijauliza mwenyekiti.

#25 Dogo wa Segerea
Hapo kakupata.

#26 Mama Vikoba
Na nyoka. Watu wanasema majini kwa sababu ni aibu kusema wanaogopa nyoka. Ukisema "tutarudisha msitu" mama mwenye mtoto anayetambaa anasikia "tutaleta koboko". Sisi tulikata neno hilo kabisa. Tunasema kivuli.

#27 Mchambuzi Huru
Nyongeza kwenye #9. Novemba 2024 tulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Kikundi kinachoibuka Aprili mwaka huohuo, kina mtu mmoja anayenunua soda, kinapigia miguu ofisi ya mtaa... Mwanakorongo, kuna mtu alikuuliza kama unagombea?

#28 Mwanakorongo
Watatu. Mmoja alijitoa kikundini, akasema atarudi nikishamaliza kampeni zangu. Sikuwa na kampeni yoyote.

#29 Bwana Miche
Kampeni haikaushi mche.

#30 Mchambuzi Huru
Inamkausha mmwagiliaji. Ni kitu kimoja.

#31 Fundi Kalvati
Wakuu, mimi niko kwenye ujenzi wa mitaro. Hicho kiwanja cha wazi kina hati ya nani? Na korongo je? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa hiyo kama korongo lenu linahesabika mto, pembeni pale ndipo penye haki ya miti kuliko nyumba zenu, samahani sana. Lakini kiwanja cha wazi siku yoyote greda linaweza kupita kutengeneza barabara, na dereva wa greda hajui mninga.

#32 Mwanakorongo
Fundi, umenikumbusha kitu. Mwezi wa nane mkandarasi mmoja alipitisha greda kusawazisha njia, likala pembeni ya kiwanja. Mimi nilikuwa safari. Mlinzi anasema miche ilikuwa imeshakauka lilipopita. Mjumbe wa shina anasema ilikuwa na majani. Nimewakutanisha wote wawili, kila mmoja akaapa.

#33 Ngoja_Waje
Uzi umekuwa kesi ya mauaji.

#34 Chura wa Jangwani
Washukiwa mpaka sasa: kiriba, jua, chumvi, majini, oili, greda, uchaguzi. Mbuzi mbona hajatajwa? Mtaa gani hauna mbuzi?

#35 Mwanakorongo
Mbuzi wapo, wa jirani aliyepoteza choo. Nilishindwa kumwambia chochote, maana mnaelewa.

#36 Chura wa Jangwani
Basi wanane.

Halafu tuseme ukweli mwingine. Korongo la Kinyerezi haliliwi na mvua peke yake. Usiku kuna watu wanachota mchanga mtoni, wanapakia, asubuhi unaukuta kwenye tofali. Mimi Jangwani nimelelewa, Desemba 2011 mafuriko yalipokuja tulikaa juu ya bati, wenzetu wakahamishiwa Mabwepande. Maji yale yanatoka huko juu kwenu. Pandeni miche elfu, kama mchanga unaondoka chini yake mtakuwa mnapandia hewani.

#37 Fundi Kalvati
Kweli tupu. Na kwa korongo lililoanza kukatika wima, mti mkubwa wenyewe ni mzigo, unaweza kuondoka na ukingo. Pale tunaanza na nyasi za vetiva kukata mwendo wa maji, mti unafuata mita kadhaa nyuma.

#38 Binti Pugu
Vetiva nayo ya India, Fundi. Tunarudi palepale.

#39 Fundi Kalvati
Dada, nyumba ikianza kuning'inia huulizi nyasi pasipoti.

#40 Binti Pugu
Matete yanashika ukingo na yapo humo humo mtoni, bure. Ila sawa, nimecheka.

#41 Mstaafu wa Misitu
Nimerudi. Niseme mambo mawili.

Kwanza tarehe. Siku ya Taifa ni nzuri kwa hotuba. Mche unataka upandwe mvua za mwanzo zikishalowesha ardhi vizuri, chimba kwa mkono uone unyevu umefika kwenye kiwiko. Masika ya kawaida Dar yanaanza Machi. Ukipanda Machi katikati, mche unapata karibu miezi miwili na nusu ya kushusha mzizi. Ukisubiri Aprili umempokonya wiki mbili, na kwenye mchanga wiki mbili ni nyingi. Mashimo yachimbwe sasa hivi, Februari, udongo wa juu uwekwe kando.

Pili, mininga. Mwanakorongo, ulihesabuje? Ulihesabu kwa macho ukiwa umesimama?

#42 Mwanakorongo
Shikamoo mzee. Ndiyo, nimepita na daftari.

#43 Mstaafu wa Misitu
Marahaba. Mninga mchanga una tabia ya kufa juu. Kiangazi kikija shina linakauka lote, unaapa amekufa, kumbe anajenga mzizi. Mvua ikirudi anachipua tena. Anaweza kufanya hivyo miaka kadhaa mfululizo mpaka mzizi utosheke, ndipo anasimama moja kwa moja. Vijana wengi wamewang'oa wakiwa hai. Nenda ukaangalie upya mahali pa hiyo arobaini, kwa kuinama. Usifukue.

#44 Bwana Miche
Mzee, sijui kama na hiyo ya viriba inachipua.

#45 Mstaafu wa Misitu
Hiyo sikuisemea.

#46 Mama Vikoba
Hii ndiyo sababu mimi nasema msianze na miti ya mbao. Watu hawawezi kumwagilia kijiti kikavu mwaka mzima kwa imani. Jirani akipita anakuona unamwagilia kijiti, jioni mtaa mzima unajua umechanganyikiwa. Changanyeni na kitu cha kuliwa mapema. Sisi katikati ya mikwaju tumeweka mbungo utambae kwenye uzio. Siku juisi ya mabungo ya kwanza ikitoka, mtakimbizana na watu wa kujiunga.

#47 Mchambuzi Huru
Na atakayekula mabungo ni nani? Watoto wa mtaa wa pili. Hapo ndipo vita inaanza.

#48 Mama Vikoba
Wale. Mtoto aliyekula hapo hatakata.

#49 Kadogoo
Mama, wewe hujawaona watoto wa kwetu.

#50 Mgaagaa na Upwa
Niongeze kisa cha huku, maana nimeona wengi wanaamini tatizo ni kiangazi. Kuna kikundi tulipanda mikoko ufukweni, maji yapo saa ishirini na nne, na ikafa. Tulichoma miche ya mkoko penyewe mbele kabisa, bahari ikaing'oa. Baadaye tukaelekezwa kwamba kila mmoja ana mahali pake, mlilana ndiye anayekaa mbele akipokea mawimbi, mkoko wenyewe nyuma yake. Na mikoko yote ni hifadhi, lazima muwaone TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwanza, hata kama mnapanda. Kwa hiyo mahali nalo ni shtaka. Mikongo 30 yote imekufa, mliipanda wapi?

#51 Mwanakorongo
Pembeni kabisa mwa korongo. Tulitaka ishike ukingo.

#52 Fundi Kalvati
Pembeni mwa korongo ndipo pakavu kuliko pote. Maji yanavujia chini yanatokea ukutani mwa korongo. Halafu mkongo ni mti wa taratibu.

#53 Dogo wa Segerea
Washukiwa tisa sasa. Chura andika.

#54 Mwanakorongo
Wakuu, mrejesho. Leo Jumapili nimekwenda na mke wangu na wale wawili, tumeinama kama mzee alivyosema. Upande wa korongo hakuna kitu. Upande wa kiwanja, ule wa wanafunzi, nimekuta vichipukizi sita, vimetokea palepale kwenye mstari wa mashimo. Vina urefu wa kidole. Nimeweka picha.

#55 Bwana Miche
Hiyo ya pili kutoka kushoto ni mjohoro, mkuu. Upo mjohoro mkubwa karibu?

#56 Mwanakorongo
Upo, nyuma ya ofisi ya mtaa.

#57 Binti Pugu
Picha yenyewe umepigia kivuli cha kichwa chako. Mimi naona nne hazifanani na hiyo ya pili. Na mjohoro haupangi mstari.

#58 Kadogoo
Si mninga unatoa utomvu mwekundu kama damu? Kata kimoja uone.

#59 Mstaafu wa Misitu
Usikate chochote! Mche wa kidole unaukata uone damu, halafu? Weka vijiti vinne na kamba kuzunguka kila kimoja, mwambie mwenye mbuzi. Subiri majani yafunguke.

#60 Mwanakorongo
Sawa mzee. Kwa mwenye mbuzi nitamtuma mke wangu.

#61 Mama Vikoba
Na mwenye mbuzi umtilie dumu lake. Awe mwanachama.

#62 Mwanakorongo
Mama, kasema atakuja Jumapili, ila ameuliza kama kikundi kina mchango wa kujenga choo.

#63 Chura wa Jangwani
Tuliosoma toka mwanzo tunasema: kiwepo.